Umeambiwa una uvimbe? Uliza ni wa maji au wa nyama

Swali hili hutufikia mara kwa mara: "Nimepigwa ultrasaundi, nikaambiwa nina uvimbe. Je, lazima nifanyiwe upasuaji?" Si lazima. Inategemea uvimbe wenyewe ni wa aina gani.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Haina mionzi kama eksirei. Mawimbi yakikuta maji hupita moja kwa moja, na mahali hapo huonekana peusi kwenye skrini. Yakikuta nyama, mengine hurudi na picha huwa ya kijivu. Hivyo mpimaji hutofautisha uvimbe wa maji kwenye ovari na ule wa nyama kwenye kizazi, yaani fibroidi. Kama unapimwa juu ya tumbo, utaambiwa unywe maji na ubane mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa husogeza utumbo pembeni na kizazi kikaonekana vizuri.

Tofauti hiyo iliwahi kuokoa maisha huko Glasgow, Uskoti, miaka ya 1950. Mwanamke mmoja alikuwa ameambiwa ana saratani ya tumbo isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Daktari Ian Donald alimpima kwa mashine hiyo, wakati huo ikiwa ngeni kabisa, akakuta ni uvimbe mkubwa wa ovari. Ukatolewa.

Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita 5 mara nyingi huisha wenyewe ndani ya miezi michache. Ulio mkubwa zaidi, wenye nyama ndani, au uliogunduliwa baada ya hedhi kukoma, unahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kisu au kununua dawa ya kuyeyusha uvimbe, muulize daktari: Uko kwenye ovari au kwenye kizazi? Una sentimita ngapi? Ndani mna maji au nyama? Nirudi lini kupimwa tena? Karatasi ya majibu itunze, maana safari ijayo ndiyo itakayoonyesha kama uvimbe umekua au umepungua.

Lakini ukipata maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo pamoja na kutapika, usingoje tarehe. Huenda ovari imejisokota. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, asikae nayo nyumbani.