De Valera: Mwalimu wa Hisabati Aliyesahauliwa

Wanaomkumbuka Éamon de Valera humkumbuka kwa bunduki na kura: kamanda wa uasi wa Dublin wa 1916 aliyehukumiwa kifo akanusurika, kisha waziri mkuu, na hatimaye rais wa Ayalandi kuanzia 1959 hadi 1973. Kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa hisabati hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa kazi ya kutafutia riziki tu. Hapo wasifu wake hupunjwa. De Valera alimhusudu maisha yake yote William Rowan Hamilton, mwanahisabati aliyegundua kwaternioni mwaka 1843 akitembea kando ya mfereji wa Dublin, akachonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja. Kwaternioni ni namba zenye sehemu nne ambazo, ukigeuza mpangilio wa kuzizidisha, jibu nalo laweza kubadilika. Leo hutumika kuelekeza vyombo vya angani. Mwaka 1958, akiwa waziri mkuu, De Valera mwenyewe ndiye aliyezindua kibao cha kumbukumbu darajani hapo.

Wapo watakaosema hayo ni mapenzi ya pembeni, na kwamba De Valera hakugundua chochote cha kihisabati. Ni kweli hakugundua. Lakini mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, serikali yake ilianzisha Taasisi ya Masomo ya Juu ya Dublin, yenye idara mbili: lugha za Kikelti na fizikia ya nadharia. Wakosoaji waliiona anasa kwa nchi maskini. Mimi naona kinyume chake. Fizikia ya majaribio hudai mitambo ya gharama. Ya nadharia hudai karatasi, maktaba na vichwa vizuri. Aliyeijua hisabati kwa ndani ndiye aliyeweza kuona mlango huo ambao nchi yake ingemudu kuupita. Kichwa kimojawapo kilikuwa cha Erwin Schrödinger, mshindi wa Nobel kutoka Austria, aliyekimbia utawala wa Wanazi. Mihadhara yake ya 1943 kuhusu uhai ni nini ikawa kitabu kilichowasukuma James Watson na Francis Crick kuitafuta siri ya jeni. Taasisi ingali hai hadi leo, na haielezeki bila yule mwalimu wa hisabati.