Moto Usiounguza

Njooni huku kivulini, chini ya mwembe. Leteni vizibo vya soda. Vyote, hata vile vilivyobonyea.

Tazameni. Nachora nyumba yetu hapa mchangani kwa kijiti. Mstari huu ni ukuta wa sebuleni. Hapa ni jikoni. Hapa ni chumba cha Bibi. Hapa ni uani, na kiduara hiki ni kisima. Kizibo chekundu ni Shangazi, tumweke jikoni. Cha bluu ni Bibi, tumweke chumbani kwake. Kilichobonyea ni mimi. Msicheke.

Sasa mmoja wenu akasimame mlangoni. Kazi yake ni kuchungulia ndani na kutupigia kelele.

"Bibi kaingia sebuleni!"

Haya, sogeza cha bluu.

"Shangazi yuko jikoni, anakuna nazi!"

Chekundu kinabaki palepale.

"Bibi karudi chumbani!"

Sogeza tena. Mmeona? Tumekaa chini ya mwembe, na nyumba nzima tunaiona. Hata shingo hatujainua.

"Lakini Mjomba, huu si mchezo tu?"

Ni mchezo, mwanangu. Ila wapo watu wazima, wengine wenye mvi kama mimi, waliocheza mchezo huuhuu kwa kompyuta. Wakae wanaotaka kukaa, niwasimulie.

Huko Marekani, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, kuna chuo kikuu kinachoitwa MIT. Ndani ya chuo hicho kuna maabara moja yenye watu wachokonozi kama nyinyi. Inaitwa Media Lab. Mwaka 2010 maabara hiyo ilifungua jengo jipya la ghorofa sita, lenye vioo vingi, lililosanifiwa na Mjapani Fumihiko Maki. Watu walilisifu sana jengo lile. Walisifu vioo, walisifu ngazi, walisifu mwanga. Hakuna aliyekisifu kijisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani.

Basi sisi tutakisifu. Tukiite Kidude.

Kidude alikuwa kihisi.

"Kihisi ni nini, Mjomba?"

Swali zuri hilo! Nilikuwa nalingojea. Kihisi ni kitu kinachohisi. Ngozi yako inahisi baridi ya asubuhi. Sikio lako linahisi adhana. Kidude yeye alihisi joto la chumba, hilo tu. Vihisi vya joto viko vya namna nyingi. Kuna aina moja ambayo ndani yake umeme hupita kama watu wanavyopita njiani. Chumba kikipata joto, njia inapanuka, umeme unapita kwa wingi kama siku ya gulio. Chumba kikipoa, njia inakuwa nyembamba, wanapita wachache. Kihisi anachungulia: leo wamepita wengi au wachache? Kisha anasema namba.

"23," akasema Kidude.

Hakuna aliyemjibu.

"23," akasema tena. "Jamani, 24 sasa. 24."

Kimya. Na hakuwa peke yake. Jengo lile lilikuwa na sehemu zaidi ya 250 zinazopimwa joto, kila moja na namba zake. Vihisi vingine vilisikia sauti. Vingine viliona mtu akipita. Vyote vilisema, mchana na usiku, na maneno yao yakaenda kulala ndani ya kompyuta kama mahindi ghalani. Jengo lilihisi kila kitu. Lakini nani alilielewa?

"Si wangezisoma tu hizo namba?"

Haya, soma wewe. 22, 23, 23, 22, 28, 23. Chumba gani kina joto?

"Chenye 28!"

Hodari. Sasa niandikie namba 250 mchangani, zote zinabadilika kila dakika, halafu uniambie kama vyumba vyenye joto vinapakana au la. Umechoka kabla hujaanza. Namba haikuambii iko wapi. Shangazi akinusa kitu kinaungua, hasemi "harufu ni 28." Anageuza kichwa upande wa jiko. Macho na pua vinataka mahali.

Ndipo Joseph Paradiso, profesa wa pale, na mwanafunzi wake Gershon Dublon, pamoja na wenzao, wakawaza jambo. Tulitafutie jengo hili pacha. Walimwita pacha huyo DoppelLab. Hiyo *doppel* ni ya Kijerumani, maana yake maradufu. Mimi nitamwita Pacha.

Mnajua Pacha alitengenezwa na nini? Na Unity, programu ileile wanayotumia watu kutengenezea michezo ya kompyuta! Yaani hiyo michezo mnayogombania simu yangu kila jioni. Wakalichora jengo lote, ghorofa moja baada ya nyingine, na kuta zake wakazifanya uweze kuona ng'ambo. Ukikaa mbele ya kompyuta unaruka kama ndege. Unapenya ukutani. Unazama ghorofa ya tatu, unaibukia ya tano. Na popote alipobandikwa Kidude au mwenzake katika jengo la kweli, ndani ya Pacha pakawekwa moto.

"Moto! Jengo haliungui?"

Haliungui. Ni moto wa picha, moto usiounguza. Kidude akisema joto limepanda, moto wake unakuwa mwekundu. Akisema limeshuka, unaelekea bluu. Sasa ukitazama jengo zima unaona moto hapa, moto pale, kama vibatari vya wauza samaki usiku ufukweni. Huhitaji kusoma namba hata moja.

Na kuna ufundi mwingine humo ninaoupenda. Watu wa chumba wameomba joto fulani, tuseme 22. Chumba kikifika 26, tufe linatokea kuuzunguka ule moto. Linatuna na kunywea, linatuna na kunywea. Kadiri chumba kinavyokosea, ndivyo tufe linavyokuwa kubwa na ndivyo linavyokwenda mbio. Mmewahi kuona kifuniko cha sufuria maji yakitokota? Kikichezacheza taratibu, unaendelea na maongezi yako. Kikianza kurukaruka, unakimbia. Ni vilevile.

Siku moja Kidude akasema, "26." Na kwa mara ya kwanza, mtu aliyekaa mbali kabisa akageuza kichwa upande wake.

"Mjomba, na vile vinavyosikia sauti? Vinasikia watu wakiongea?"

Ah! Njoo nikupe mkono. Hilo ndilo swali ambalo wakubwa wengi hulisahau.

Vilisikia. Viliwekwa sehemu wanazopita watu wote. Sasa fikiria wewe umekaa pale na rafiki yako unamwambia siri, na mtu mwingine mbele ya kompyuta anaisikia. Si vizuri. Sote tunamjua jirani wa kutega sikio ukutani, na simtaji. Wale mafundi wakafanya hivi. Sauti iliponaswa tu, kabla haijafika kwa Pacha, ilikatwa vipande vidogo vidogo. Vikachanganywa kama mtu anavyochanganya mchele na choroko. Vingine vikageuzwa kinyumenyume. Ukisikiliza, unajua hapa kuna watu, wanacheka, ni wengi, ni wachache. Maneno huyapati.

Ni kama harusi ya mtaa wa pili usiku. Unasikia ngoma. Unasikia vigelegele. Unajua watu wamefurahi. Bwana harusi kasema nini? Hujui, wala haikuhusu.

Kwangu mimi, huo ndio uhodari wao mkubwa kuliko moto wa rangi. Kusikia ni rahisi. Kusikia kiasi, na kuacha mengine, hiyo ni kazi.

"Na jana? Pacha anaikumbuka jana?"

Aliikumbuka. Uliweza kumrudisha nyuma, ukamwendesha haraka, siku nzima ikapita kabla chai yako haijapoa.

Baadaye watu walewale wakatoka nje ya jengo. Huko Plymouth, jimbo hilohilo, palikuwa na shamba la kranberi, matunda madogo mekundu, makali kama ukwaju. Walilima pale kwa zaidi ya miaka 100, mpaka kijito cha pale kikasahau njia zake. Shamba likaachwa lirudi kuwa kinamasi. Mabwawa yakabomolewa, kijito kikaachiwa kipinde kinavyotaka, na mwaka 2017 pakafunguliwa kuwa hifadhi ya wanyama. Panaitwa Tidmarsh. Ndugu zake Kidude walitapakaa kote mle, na vinasa sauti vingine vikatumbukizwa majini. Kinamasi nacho kikapata pacha, Doppelmarsh. Mvua iliponyesha kule, ilinyesha na ndani ya kompyuta. Ukungu ulipotanda kule, na huku ulitanda. Chura alipolia usiku, mtu aliye mbali maelfu ya maili alimsikia.

Na chura sauti yake haikatwi vipande?

Swali hilo najiuliza mimi mwenyewe, msinitazame hivyo. Nadhani chura hana siri. Kelele zote zile ni za kutafuta mchumba, anataka asikike.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu. Bibi yuko wapi?

"Chumbani!"

Mjomba?

"Hapa, kimebonyea!"

Shangazi?

"Jikoni! Anakuna nazi!"

Hakika?

"Si kizibo hiki hapa, Mjomba. Chekundu. Jikoni."

Hm. Na yule tuliyemweka mlangoni atupigie kelele, mbona simsikii muda mrefu? Mwangalieni. Kakaa kizingitini, kaegemea ukuta, kasinzia na mdomo wazi.

Basi geukeni taratibu. Msikimbie. Huyo aliyesimama nyuma yetu na upawa mkononi, anayeuliza ni nani kachukua vizibo vyake, ni nani?