Je, Wajua? Mkorosho nao unahitaji hewa
Kusi inapovuma Mtwara, kati ya Juni na Agosti, usiku hupoa na umande hulowesha mikorosho inayoanza kuchanua. Hapo ndipo ubwiriunga hushika: ukungu mweupe, kama unga uliochekechwa juu ya maua, na maua hayo hunyauka bila kutunga korosho. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini Tanzania mwaka 1979. Wengi hukimbilia salfa, na ni dawa kweli, lakini kinga ya kwanza ni hewa. Panda kwa nafasi ya mita 12, kata matawi yaliyosongamana, jua na upepo vipenye hadi ndani. Salfa ya unga ipulizwe alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Ukichelewa, upepo huipeperusha kabla haijagusa maua.