PULI NYEPESI, SAFARI NZITO

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kapi. Mwana wa Lamu au wa Mombasa tangu utotoni amewaona mabaharia wakivuta jarari, kamba ikipita ndani ya gofia, foromali na tanga vikapanda mlingotini. Kapi likivunjika kati ya bahari, jahazi huwa mateka wa upepo. Basi hata ndani ya motokaa limo kapi, nalo mafundi wetu huliita puli. Leo twataka kulizungumza kapi hilo, kwani mchezo unaochezwa nalo siku hizi waweza kumwacha mtu baina ya Garissa na Wajir, jua la saa saba utosini, na gereji haiko karibu wala mbali.

Puli tunayoikusudia ni ile iliyofungwa kwenye ncha ya kranki, mbele ya injini. Kazi yake ya dhahiri ni kuzungusha mkanda, nao mkanda ukazungusha alteneta inayoijaza betri moto, pampu ya usukani, mashine ya kipupwe, na katika magari mengi pampu ya maji pia. Kiwandani puli hii hutengenezwa kwa chuma, na yaweza kuwa na uzito wa kilo mbili au tatu. Lakini wauzaji wa vipuri vya magari ya mbio wanayo ya aina nyingine: ya aluminiamu, imepakwa rangi ya buluu au nyekundu, haifiki hata kilo moja. Humwambia kijana mwenye gari la kasi, "Ondoa uzito huo, injini itapumua na gari litaruka."

Maneno yao si uongo mtupu. Kila kitu kinachozunguka na injini hula nguvu kidogo pale dereva anapokanyaga mafuta. Puli ikiwa nyepesi, injini hupanda mizunguko kwa wepesi zaidi. Lakini faida hiyo ni ndogo kuliko inavyovumishwa, kwa sababu kinachoelemea katika gurudumu ni ule uzito ulio mbali na kitovu, na puli ni kitu cha shubiri moja tu. Faida ni chembe. Je, hasara yake ni nini?

KWA NINI IKAWA NZITO?

Tazama puli ya kiwandani kwa makini. Katika injini nyingi utaona si chuma kimoja: kuna kitovu ndani na pete nzito nje, na baina yao umebanwa utepe wa mpira. Mpira ule haukutiwa kwa urembo. Kila moto unapowaka ndani ya silinda, pistoni huipiga kranki dharuba kama ya nyundo, na kranki, ingawa ni chuma kigumu, husokoteka kidogo kisha ikajirudisha. Dharuba hizi ni maelfu kwa kila dakika.

Msomaji amewaona watoto wakibembea. Ukimsukuma mtoto ovyo ovyo, pembea haendi mbali. Lakini ukimsukuma kila anaporudi, kwa kipimo kile kile, msukumo mdogo humpeleka juu kabisa. Na kranki ni hivyo hivyo. Kuna mwendo fulani ambapo dharuba za moto huwiana na mtetemo wa chuma chenyewe, kila pigo likaliongezea jingine. Hapo ndipo ile pete ya chuma na mpira wake hufanya kazi isiyoonekana. Pete husitasita nyuma ya kranki, mpira ukanyumbuka, na mtetemo ukageuka kuwa joto kidogo na kupotea. Ukiitupa puli hiyo ukafunga kipande cha aluminiamu kisicho na mpira, umemwachia mtoto pembea bila mtu wa kuishika.

Dereva huenda asihisi kitu. Mtetemo huu si ule unaotikisa viti. Huanza ndani kwa ndani, na baadaye ndipo utakapoona bolti ya kranki imelegea, gia za pampu ya oili zimevunjika, beringi zimelika, au siku nyingine kranki imekatika vipande viwili.

Somo hili halikugunduliwa jana. Mwanzoni mwa karne ya 20, watengenezaji wa Uingereza walipoanza kuunda injini za silinda sita, kranki zao ndefu zilikuwa zikikatika pasipo sababu iliyoeleweka. Henry Royce na Frederick Lanchester, kila mmoja kwa njia yake, walihangaika na jambo hilo mpaka wakabuni vizuia mtetemo vya kufunga kwenye ncha ya kranki. Puli nzito ya leo ni mjukuu wa vifaa hivyo.

WALIOSHINDA NI WALIOFIKA

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Wazee watalikumbuka gari la Datsun 240Z, lililoshinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ilikuwa ya silinda sita katika mstari mmoja. Gari hilo hilo lilipopelekwa katika viwanja vya mbio vya Marekani mwaka 1970, timu ya Peter Brock ilisumbuliwa na mtetemo wa kranki, na dawa ilikuwa Nissan kuleta kranki ya umbo jipya. Hawakutafuta kitu chepesi. Walitafuta kitu kitakachotulia.

Na yafaa kukumbuka mwaka 1968. Magari 93 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Katika Safari, mbio peke yake haikumpa mtu kikombe. Kikombe kilimngoja aliyefika.

Tena wenye magari ya mbio hasa hawakitupi kizuia mtetemo. Wakiiondoa puli ya kiwandani, aghalabu hununua iliyo bora zaidi, yenye pete inayoelea ndani ya mafuta mazito kama asali. Malori makubwa ya dizeli nayo hutumia ya namna hiyo. Kwa hiyo kijana anayedhani anawaiga mabingwa kwa kufunga aluminiamu tupu, amechukua rangi akaacha ilimu.

JOTO LA GARISSA

Turudi sasa kaskazini mashariki. Msafiri anayetoka pwani hupita Malindi, Garsen na Hola, akaufuata Mto Tana mpaka Garissa. Mbele yake kuna Wajir, na mbele zaidi Mandera, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana pale Garissa hufika nyuzi 36 na kupita. Katika nchi hii gari si pambo. Ndilo linalobeba mgonjwa, ndilo linalopeleka maji kwa wafugaji, ndilo linalowahisha miraa ya Maua kabla haijanyauka.

Sasa, baadhi ya puli hizi nyepesi si nyepesi tu, bali pia ni ndogo kwa makusudi, ili mkanda uende polepole na injini ipunguziwe mzigo. Huo mzigo ni upi? Ni maji na umeme! Chukua Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, ya silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164. Pampu yake ya maji na feni yake huzungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki. Punguza mwendo wa mkanda, umepunguza maji yanayozunguka na upepo unaopita katika rejeta, katika nchi ambayo rejeta imekwisha lemewa. Katika Subaru nyingi za zamani pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa ndani, hivyo puli ndogo haiigusi. Lakini feni zake ni za umeme, na umeme hutoka kwa alteneta ile ile iliyopunguziwa mwendo. Washa kipupwe na taa katika foleni, uone betri itakavyolia.

Tuseme haki: si kila injini itavunjika. Injini ndogo za silinda nne zina kranki fupi na ngumu, na wako watu waliofunga puli nyepesi wakaenda miaka. Khatari huzidi kadiri kranki inavyorefuka na silinda zinavyoongezeka, na katika dizeli ambayo mapigo yake ni mazito. Lakini hata mwenye silinda nne ajiulize: kwa faida ya chembe, kwa nini ajitie katika bahati nasibu njia ya Habaswein?

Anayenunua gari lililotumika Japani, likashushwa Kilindini, afungue boneti aangalie. Puli ing'aayo rangi, isiyo na utepe wa mpira, yataka kuulizwa. Na mwenye ya asili asijione amesalimika, kwani mpira huzeeka kwa joto na oili. Ukiona mpira umepasuka, au pete ya nje inayumba huku injini inanguruma, au mkanda unapiga kelele na kutoa unga mweusi, ibadilishe kabla ya safari. Fundi aikaze bolti kwa spana ya kupimia, si kwa nguvu za bega. Mkanda wa akiba na madumu ya maji yasikosekane garini.

Nahodha anajua kwamba farumi iliyolazwa chini ya jahazi haiuziki sokoni wala haiongezi kasi. Hata hivyo haitupi baharini, maana ndiyo inayolituliza chombo wimbi linapokuja. Na mfugaji wa Garissa anajua kwamba nundu ya ngamia ni mzigo. Lakini hajapata kuonekana mfugaji aliyeikata ili ngamia wake apate kukimbia.