Ilimu ya Filamu katika Skuli za Pemba: Sehemu ya Pili, Sauti

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza habari za picha: namna nuru inavyopita katika lenzi, na namna fremu 25 katika kila sekunde zinavyolihadaa jicho likaona mwendo. Leo tunaingia katika sauti, nami natangulia kusema bayana kwamba, lau ningekabidhiwa kupanga masomo ya darasa la filamu katika skuli yoyote ya sekondari ya Pemba, iwe Fidel Castro au Utaani, wanafunzi wangekaa muhula mzima wa mwanzo na vinasa sauti tu, kamera ikabaki kabatini; kwani mtazamaji huvumilia picha yenye kiza, hata iliyotikisika, lakini maneno asiyoyasikia vyema humchosha mara moja, na kazi za vijana aghalabu huharibikia hapo.

Taabu ya kuoanisha sauti na picha ni ya zamani katika nchi zetu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mkondo unaotutenga na Tanga, Meja Notcutt, aliyepata kuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na mwenziwe Latham, walianza, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na mengineyo. Mpaka mradi ulipomalizika mwaka 1937 zilikuwa zimepatikana filamu zipatazo 35. Nia yao siisifu yote, madhali Mwafrika aliwekwa humo mahali pa mtoto ambaye sharti aonywe na kuelekezwa. Walakini ufundi wao una funzo. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, za upana wa milimita 16, na maneno yalitiwa katika santuri iliyopigwa sambamba na mtambo wa kuonyeshea, basi sindano ikiruka mfuo mmoja tu, msimulizi angeweza kuwa anaeleza habari za ng'ombe ilhali kitambaani anaonekana mgonjwa amelala.

Hata leo, kamera na kinasa sauti vikiwa vyombo viwili mbalimbali, mas'ala ni yale yale, na dawa yake ni kile kibao chenye bawaba kinachopigwa mbele ya kamera kabla ya kila kipande: mhariri huitafuta fremu ambayo mbao zimekutana, akatafuta na mahali ambapo mlio umeruka juu katika mchoro wa sauti, akavilinganisha viwili hivyo, na yote yanayofuata yakaenda pamoja. Skuli isiyokuwa na kibao, kofi moja la mikono miwili litatosha.

Umbali nao una hukumu yake. Asimame mwanafunzi kilimani amtazame mtu anayepasua kuni upande wa pili wa bonde la mpunga, ataliona shoka limekwisha kushuka kabla ya kuusikia mlio wake, kwa kuwa sauti hwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Bonde likiwa na upana wa mita 170, mlio huchelewa nusu sekunde, yaani fremu 12 na zaidi, ilhali fremu nne tu za kuchelewa hutosha kuufanya mdomo wa msemaji uonekane wa kuazima. Fauka ya hayo, kila umbali unapozidi mara mbili, nguvu ya sauti katika uwanda ulio wazi hushuka hata robo yake. Kwa hiyo kamera na iwe mbali itakavyo, maikrofoni sharti iwe karibu na kinywa, nayo ivikwe sponji au manyoya dhidi ya upepo wa kusi. Chumba cha darasa, chenye kuta za saruji na paa la mabati, ni kibaya mno kwa kazi hii: mwangwi huyameza maneno, na mvua ikinyesha hapana budi kufunga kazi. Tandikeni mikeka, tundikeni makanga na mablanketi ukutani, na tafauti mtaisikia papo hapo.

Mwalimu wa fizikia naye atapata lake, kwani kinasa sauti cha siku hizi hupima kimo cha wimbi la sauti mara 48,000 katika kila sekunde; sikio la kijana husikia mpaka mitikisiko 20,000, na hisabati inataka vipimo vizidi maradufu ya hiyo.

Wazazi wataniuliza: je, na cheti? Baraza la Mitihani, ambalo vijana wetu hufanya mitihani yake ya Kidato cha Nne, limekuwa na somo la sanaa za maonyesho, na huko Bara mkondo wa amali ulianza katika sekondari mwaka 2024. Lakini mimi nina hoja iliyo karibu zaidi. Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha Whiteley alichapisha kitabu juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Tunayasoma maneno yale, sauti za walioyasema hatuzisikii humo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, tungali tunamsikia. Basi msimu wa karafuu ukifika, kijana na aketi barazani usiku penye kuchambuliwa karafuu, akakisogeza chombo chake karibu na viganja, apate ule mlio mdogo wa karafuu ikiachana na kikonyo, na juu yake masihara ya wachambuaji, kwa Kipemba chao chenyewe, ambacho mtu akiwekewa kamera na taa usoni hukiacha akaanza kusema kama mtangazaji. Redio Jamii Micheweni ingeweza kupata humo vipindi vya mwezi mzima.

Ila asiwashe chombo kabla ya kupiga hodi na kupewa ruhusa, khasa nyumbani kwa watu, na atakayekataa asibembelezwe. Kila mkanda uanze kwa kutajwa, kwa mdomo, mahali, tarehe na jina la anayesema, ikiwa mwenyewe ameridhia kutajwa. Na filamu itakayotoka nje ya skuli kuonyeshwa hadharani ipelekwe kwanza kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Uhariri, ambao ndio unaoamua kipi kibaki katika saa hizo zote za maneno na kipi kitupwe, tutauzungumza katika sehemu ya tatu.