Mtu Aandikaye Sheria

Katika shule moja tuliyopata kufundisha zamani palikuwa na kanuni iliyobandikwa mlangoni, nayo ilisema hivi: "Mwanafunzi asiye na ada na barua ya mzazi atarudishwa nyumbani." Siku moja akaja mtoto mwenye barua ya baba yake, lakini ada hakuwa nayo. Baadhi ya walimu wakasema huyu hana budi kurudi, kwa kuwa yampasa awe na vyote viwili. Wengine wakasema, la, wa kurudishwa ni yule aliyekosa vyote viwili, na huyu amekosa kimoja tu. Mabishano yalichukua siku mbili, na kwa siku hizo mbili mtoto yule alikaa chini ya mwembe, akiwasikia wenzake wakisoma hesabu ndani. Aliyeiandika kanuni ile hakuwa mtu mbaya. Ila hakufikiri ya kwamba neno "na" lina milango miwili.

Basi, ikiwa kanuni ya mlangoni yaweza kumkosesha mtoto masomo, je, sheria ya nchi nzima? Ndiyo maana serikali huajiri mawakili ambao kazi yao si kusimama mahakamani, bali kukaa mezani na kuandika sheria. Watu wengi hudhani ya kwamba wabunge ndio waandikao. Sivyo. Waziri hueleza analotaka, wabunge hujadili na kukubali au kukataa, lakini maneno yenyewe, neno kwa neno, hutoka katika kalamu ya mtu ambaye jina lake halitajwi. Leo twataka kueleza habari za mmoja wao, Mwingereza Henry Thring, kwa kuwa ofisi aliyokuwa mkuu wake wa kwanza imekuwa mfano kwa nchi nyingi.

Thring alizaliwa mwaka 1818 katika kijiji cha Alford, Somerset, baba yake akiwa padre wa kijiji hicho. Ndugu yake Edward alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Uppingham tangu mwaka 1853, na sisi tulio walimu twamjua zaidi huyo kuliko Henry. Mdogo wao Godfrey alikuwa padre na mtungaji wa nyimbo za kanisani. Henry alisoma Cambridge, na mwaka 1845 alipokewa kuwa wakili huko London. Lakini wateja hawakuja kwa wingi. Wakili asiye na kesi aweza kukata tamaa. Huyu alizitumia siku zake kusoma sheria za Bunge, na kadiri alivyozidi kuzisoma ndivyo alivyozidi kuona jinsi zilivyoandikwa vibaya.

Tufikirie hali ilivyokuwa. Sentensi moja iliweza kujaza ukurasa mzima, na msomaji akifika mwisho amekwisha sahau mwanzo. Mpaka mwaka 1850, ilipotolewa sheria ya kufupisha mambo hayo, ilikuwa desturi kila kifungu kianze kwa kurudia maneno ya kwamba jambo hili nalo limeamriwa, kana kwamba msomaji angesahau kuwa anasoma amri. Tena kila idara ilikuwa na wakili wake iliyempa kazi na kumlipa. Idara hii haikujua idara ile inaandika nini, na mswada wa kuitia serikali gharama uliweza kufika Bungeni Waziri wa Fedha asijue.

Kazi iliyomtangaza Thring ni sheria ya meli za biashara ya mwaka 1854. Mambo ya meli yalikuwa yametawanyika katika sheria nyingi: mishahara ya mabaharia, vyeti vya manahodha, minara ya taa, marubani, mali ya meli zilizovunjika. Baharia aliyetaka kujua haki yake angeipata wapi? Thring aliyakusanya yote katika sheria moja yenye vifungu zaidi ya 500, akaigawanya sehemu 11, kila jambo mahali pake, na kila kifungu kikachukua neno moja tu la kuamriwa. Leo mpango huo twauona wa kawaida, kama vile twaonavyo kawaida kitabu kuwa na sura. Mwaka 1862 ikafuata sheria ya makampuni, nayo pia ni kazi ya mkono wake.

Yafaa tuonyeshe kazi yenyewe kwa mfano wa kwetu. Katika siku za Thring alikuwako Mwingereza mwingine, George Coode, aliyefundisha ya kwamba kifungu kizuri kina mambo manne: hali, sharti, mtu na tendo. Tuseme kijiji chataka kanuni juu ya mbuzi. "Mbuzi akiingia katika shamba la mtu mwingine na kuharibu mazao" ndiyo hali. "Ikiwa shamba hilo limezungushiwa ua" ndilo sharti. "Mwenye mbuzi" ndiye mtu. "Atalipa thamani ya mazao yaliyoharibika" ndilo tendo. Yaonekana rahisi. Lakini sasa mwandishi huanza kuuliza. Ua wa miba uliobomoka upande mmoja ni ua? Mbuzi akiwa mikononi mwa mchungaji wa kuajiriwa, nani alipe? Thamani ipimwe siku ya hasara au siku ya mavuno? Kila swali asilouliza yeye mezani litaulizwa baadaye barazani na watu wawili wenye hasira, na mmoja wao atarudi nyumbani ameonewa.

Mwaka 1869, Gladstone akiwa Waziri Mkuu na Robert Lowe Waziri wa Fedha, ilianzishwa ofisi moja ya kuandika miswada ya serikali. Thring akawekwa mkuu wake, na Henry Jenkyns msaidizi wake. Ilimpasa aache kazi za watu binafsi, muda wake wote uwe wa serikali. Mwaka huohuo aliandika sheria ya kulitenga Kanisa la Ireland na dola, na mwaka 1870 sheria ya mashamba ya Ireland, mambo ambayo watu walikuwa wakigombana juu yake kwa ukali sana.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii kwa maoni yetu. Mwandishi hachagui bwana wake. Gladstone aliposhindwa mwaka 1874, Disraeli akaingia, na Thring akakaa palepale mezani akiwaandikia wapinzani wa jana kwa uangalifu uleule. Tena akimaliza, Bunge laweza kukipasua kifungu chake usiku mmoja kwa maneno yaliyotungwa kwa haraka, na yeye hana ruhusa ya kusimama kuteta. Mwaka 1886 aliandika mswada wa kuipa Ireland Bunge lake, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliamini. Ulishindwa kwa kura 30. Mwaka huo alistaafu, akapewa cheo cha kuingia Baraza la Malodi, na Jenkyns akashika nafasi yake. Alifariki mwaka 1907.

Kijana wa Tanzania atakaye kazi hii husoma shahada ya sheria, kisha hupita katika Shule ya Sheria, ndipo aweze kuajiriwa kuwa wakili wa serikali. Na uandishi wenyewe hujifunza miaka mingi chini ya wakubwa wake. Lakini kuna jambo jipya linalomngoja. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha ya kwamba lugha ya sheria za nchi iwe Kiswahili, lugha ambayo mkulima aweza kuisoma bila mkalimani. Neno "na" litamsumbua, kama lilivyotusumbua sisi shuleni. Mahali pamoja, hata hivyo, atakuwa na raha kuliko Waingereza. Sheria ile yao ya mwaka 1850 ilibidi iseme ya kwamba neno la kumtaja mwanamume litamhusu mwanamke pia, kwa sababu lugha yao huwatenga. Sisi husema "yeye", na wote wawili wamo.