Faini Pekee Haitoshi: Kwa Nini Viwanda Hutii Sheria za Mazingira?

Mwenye kiwanda anayetakiwa kujenga mtambo wa kusafisha maji taka hupiga hesabu: mtambo utagharimu kiasi gani, na akikamatwa bila mtambo atapata hasara gani? Mwaka wa 1968, mwanauchumi Gary Becker wa Marekani alieleza kuwa mvunjaji sheria hupima ukubwa wa adhabu pamoja na uwezekano wa kunaswa. Faini kubwa isiyotozwa haimtishi yeyote.

Hata hivyo, faini si yote. Mwaka wa 1995, Indonesia ilianza kuvipa viwanda alama za rangi na kuzitangaza hadharani: dhahabu kwa vilivyo bora zaidi, nyeusi kwa wachafuzi wakubwa. Viwanda kadhaa vilijirekebisha kwa kuhofia kuharibikiwa jina.

Fundisho kubwa zaidi limetoka jimbo la Gujarat, India. Huko, wakaguzi wa mazingira walikuwa wakichaguliwa na kulipwa na viwanda vyenyewe. Ripoti zao zilidai kuwa ni asilimia 7 tu ya viwanda vilivyozidisha kiwango cha vumbi la moshi kinachoruhusiwa. Watafiti, akiwemo Esther Duflo, walipopima upya walikuta ni asilimia 59. Katika jaribio lao, baadhi ya viwanda vilipangiwa wakaguzi kwa kura, malipo yakatoka katika mfuko mmoja, na vipimo vikarudiwa kuhakikiwa. Wakaguzi wakaanza kusema kweli, na viwanda hivyo vikapunguza uchafuzi.

Jambo hilo linaigusa Kenya. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999, miradi inayohusika hufanyiwa ukaguzi na ripoti kupelekwa kwa mamlaka ya NEMA. Mtaalamu anayeiandaa huwa na leseni, lakini hulipwa na mwenye mradi. Ndiyo maana macho ya wakazi yana uzito.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Mkazi anayeona maji taka yakimwagwa mtoni anashauriwa kuandika tarehe, saa na mahali, kupiga picha ikiwa ni salama, na kuripoti kwa afisi ya mazingira ya kaunti au ya NEMA iliyo karibu. Kila ripoti huongeza uwezekano wa mchafuzi kunaswa.